Baba Aliyeita Mara Moja

Baba alipokuwa hai, watu wa kampuni walikuja Golbanti na gari la vipaza sauti. Walitangaza kwamba deltani patalimwa miwa na kila mtu atafaidika, wakagawa fulana, wakaenda zao. Hakuna aliyeulizwa neno. Mpiga picha wao alimwomba Baba acheke akiwa amesimama kwenye mpunga wake, naye akacheka.

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule, nikalima shamba hilo hilo na kuwalea wadogo zangu. Kampuni ikarudi kivingine. Afisa uhusiano, mama mmoja mpole, aliketi nasi mkekani akauliza tunahofia nini. Nilimweleza: njaa, makaburi ya wazazi, ada ya wadogo. Alisikiliza vizuri kuliko mchungaji, akaandika yote, hata jina langu la nyumbani.

Mwaka huu hakuja mtu. Ilikuja video, ikazunguka simu hadi simu kutoka Garsen hadi Tarasaa. Kitinda mimba wetu, ambaye Baba alimwacha ananyonya na sasa ana kitambulisho, aliniletea jikoni mchana.

Baba alikuwa kwenye mpunga, na kicheko kile kile. Kisha akapepesa macho. Akaniita kwa jina langu la nyumbani, akaniambia nisihofu njaa. Halafu makaburi. Halafu ada. Kwa mpangilio ule ule niliomweleza yule mama mkekani. Karani wa kampuni atapita kesho, alisema, tutie sahihi sote.

Ugali uliungua nikiutazama.

"Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiongea," mdogo wangu alisema taratibu. "Dada, kama Baba mwenyewe amekubali, sisi ni nani?"

Shamba lilikuwa letu sote; bila sahihi ya kitinda mimba halitoki. Akitia yeye, wadogo zangu wengine wangemfuata.

Kwetu mtu akiitwa kando ya mto haitiki mpaka aitwe mara ya tatu. Kinachoita mara moja si mtu. Baba alituita mara tatu hata tukiwa mbele yake.

"Huyu ameita mara moja," nilimwambia.

"Ni video, dada."

"Basi tumngoje aite tena."

Tulingoja. Kioo cha simu kilibaki na kile kicheko. Kidole cha mdogo wangu kikasogea kuirudia video.

"Ukimrudisha wewe, umemwita wewe," nikasema.

Alizima simu.

Karani alipofika kesho yake hakutukuta. Tulikuwa shambani, tukipalilia. Jua likiwa utosini, sauti ikaniita kutoka ng'ambo ya mto, kwa jina langu la nyumbani. Mdogo wangu aliinua kichwa, akanitazama.

Haikuita tena. Tukainama, tukaendelea kupalilia.