Walipoihamisha Sauti ya Mama

Simu yangu ina tabia ya kubadilika nikiwa nimelala. Jioni naiacha na sura ninayoijua, asubuhi naikuta imepakwa rangi nyingine, kamera imehamia palipokuwa na saa, na juu kabisa kuna maneno ya kunipongeza: furahia mabadiliko yetu mapya. Nani kawaambia nataka kufurahi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu hapigi hodi, anamaliza bando langu, anahamisha masufuria jikoni, kisha anataka nimshukuru. Nimegombana naye mara nyingi na sijawahi kushinda. Mengi aliyoyafanya nimeyazoea. Moja sijalizoea, nalo ni lile alilomfanyia mama yangu.

Mama anaishi Koboko, karibu na mpaka wa Sudani Kusini, mimi naishi Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, na kuuza vitenge mjini humo. Baada ya baba kufariki nilimwandalia chumba kwangu, nikaweka kitanda na mkeka wa kuswalia, nikampigia simu. Akaniuliza nani atalinda nyumba yake. Nikamwambia nyumba haina miguu. Akacheka, kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo lilikuwa ndilo mkataba wetu: "Siku mimi nashindwa, mimi nasema. Sasa hivi nguvu iko." Mama ni Mkakwa, baba alikuwa Mnubi, walikutana kambini, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha jeshi. Hiki cha vitabu ninachoandika nilikipata baadaye shuleni. Nikiumia moyo bado nalia kwa kile cha kwanza.

Baada ya swala ya alfajiri mama alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimfundisha kwa mahali: gusa picha ya kitenge cha njano, hiyo ni mimi, halafu kona ya chini, upande wa mkono wa kulia, bonyeza usiachie, ongea, ukimaliza achia. Alielewa upesi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu baba alikuwa mtu wa simu ya upepo jeshini, na mama aliona kazi ile ile mbele ya macho yake kwa miaka mingi. Bonyeza, ongea, achia. Hakuwahi kuiweka simu sikioni. Aliishika mbele ya mdomo, imelala kidogo, kama baba alivyoshika mtambo wake, na kila alipomaliza alisema "ova". Nilimwambia hakuna haja ya ova. Akasema asiposema, mimi nitajuaje kama amemaliza?

Kwetu salamu haziharakishwi. Unauliza mtu amelalaje, nyumba ikoje, watoto, mwili, kazi, majirani, na kila swali linasubiri jibu lake. Habari mbaya haitajwi mpaka salamu zimekwisha na chai imenywewa. Nimewahi kumwona mtu amekuja kutoa taarifa ya msiba, akasalimia mpaka mwisho, akanywa kikombe chake, ndipo akavua kofia na kusema. Kuitanguliza habari ni kumpiga mwenzako kofi mlangoni.

Mama aliuhamishia utaratibu huo kwenye simu bila kupunguza kitu, nami akiniita mama, kama alivyoniita tangu utotoni. "Mama, wewe nalala muzuri?" Kimya. "Nyumba iko?" Kimya. "Watoto iko? Mwili iko na nguvu?" Kila baada ya swali aliniachia nafasi ya kujibu, ingawa alijua nitasikiliza baadaye. Nami nilijibu kweli, peke yangu jikoni, nikikoroga uji. Nzuri mama. Ipo mama. Wapo mama. Watoto wangu walidhani nimechanganyikiwa. Mwishoni alinipa habari zake, na hazikubadilika: amefagia uwanja, amechota maji, amekula vizuri, yeye mzima kabisa, ova. Nilizipenda zile nafasi za kimya kuliko hata maneno. Ndani yake nilimwona amesimama uwanjani, ufagio mkononi, akinisubiri nijibu.

Kisha mgeni wetu akaja. Asubuhi moja nilikuta programu ile ya kutumiana ujumbe imevaa nguo mpya. Kona ya chini upande wa kulia, pale pale alipofundishwa mama, wenye programu walikuwa wameweka kamera. Ukibonyeza usiachie, inakupiga video. Sauti walikuwa wameisukuma ndani ya alama ya kujumlisha, na humo ndani uitafute kati ya vitu vingine ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilisonya, nikaendelea na uji. Ndipo ujumbe wa mama ukaingia, na badala ya ule mstari wa sauti nilioujua, kulikuwa na duara dogo lenye picha.

Nililigusa. Kwanza niliona mabati. Halafu kidevu, matundu ya pua, na juu yake kichwa kisicho na kitambaa. Sikuwa nimeona nywele za mama tangu nikiwa msichana wa kusukwa naye. Zilikuwa nyeupe zote, na chache, ngozi inaonekana katikati. Alikuwa amelala ubavu kwenye godoro, simu mbele ya mdomo kama kawaida yake. "Mama, wewe nalala muzuri?" ilisema ile sauti ninayoijua, yenye nguvu, ya mtu aliyesimama. Kisha ikaja ile nafasi ya kimya. Mama alifumba macho, mdomo ukabaki wazi, kifua kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, mpaka akakusanya pumzi ya kutosha swali linalofuata.

Hakuwa ananisubiri. Alikuwa anapumzika.

Nilikaa chini na mwiko wangu. Amefagia uwanja, alisema mama, huku nyuma yake naona sahani ya muhogo wa jana, imefunikwa, haijaguswa. Amechota maji. Amekula. Mzima kabisa, ova. Wahenga wana msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo ulinijia pale pale nikaufukuza. Uji ukaungua. Ile ya kwamba mama alinidanganya haikuniuma sana, kila mama hudanganya kuhusu afya yake. Kilichoniuma ni kwamba hata nilipokwenda Koboko sikuwahi kumwona huyu. Kila nilipokwenda alijua nakuja, nami nilimkuta ameoga, amejitanda tobe lake toka kichwani hadi miguuni, sufuria iko jikoni, amekaa wima. Mtu pekee aliyenionyesha mama yangu alikuwa fundi fulani wa programu, mbali huko, ambaye hajui kama mama yupo, na alifanya hivyo kwa bahati mbaya.

Video ziliendelea kuja kila asubuhi. Mama hakuiangalia simu akiongea, alitazama ukuta, kwa hiyo hakujua. Nami sikusema. Nikimwambia, ataacha kutuma, au atajitengeneza kwanza, na nitarudi gizani. Nisipomwambia, ninamchungulia mama yangu mzazi, kichwa wazi, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la bafu. Dukani niliwapimia vitenge wanawake kutoka Sudani Kusini huku nikiwaza hilo tu. Mmoja aliniuliza mbona nimempimia yadi moja zaidi. Nikamwambia chukua.

Nilipeleka simu kwa fundi mmoja karibu na soko. Nilimwomba anionyeshe jinsi ya kuirudisha ile programu ilivyokuwa, ili nikaifanyie simu ya mama. Aliifungua, akaifunga, akanirudishia. "Hapana rudi nyuma, mama," alisema. "Ile ya zamani hata ukipata, wao nafunga. Iko ya kwenda mbele tu." Alisema kwa upole, lakini nilimjibu vibaya, nikamwambia hata lori lina gia ya kurudi nyuma. Nilikuwa nataka kitu ambacho hakuna fundi angenipa. Nilitaka asubuhi zile za sauti tupu, mama amesimama na ufagio, nami sijui lolote.

Nilikwenda Koboko mwisho wa juma, na kama kawaida alijua nakuja. Tobe la rangi ya machungwa, mafuta usoni, harufu ya tangawizi kutoka jikoni. Tulisalimiana mpaka mwisho. Tulikunywa chai. Nilingoja, kwa kuwa huo ndio wakati ambao habari mbaya huruhusiwa kutoka. Aliniambia tu simu yake siku hizi inapata moto na kumaliza umeme haraka, nimtazamie.

"Mama, wamebadilisha," nilisema. "Kitufe chako wamekihamisha."

Nilimwonyesha ile alama ya kujumlisha. Bonyeza hapa, halafu hapa, halafu chagua hii. Kidole chake kilikwenda kwenye kona ya zamani. Nikakirudisha. Kikaenda tena kwenye kona ya zamani, na safari hii, kwa kuwa tulikuwa tumeinamia kioo wote wawili, alijiona. Uso wake ulikuwa ndani ya duara, unamtazama. Akaachia haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hii ni nini?"

"Ni video, mama. Ndiyo inayokuja kwangu."

"Wewe naona mimi?"

"Ninaona."

"Toka lini?"

"Toka walipobadilisha."

Alivuta tobe kichwani, ingawa kichwa kilikuwa kimefunikwa tayari. "Hata nywele?" aliuliza. Nikasema hata nywele. Alinyamaza muda mrefu, na nilijua hakuwa anapumzika safari hii. Nikaona huu ndio mlango wangu, nikasema yote kwa pamoja: nimeona hali, nimeona godoro, chumba kipo, kitanda kipo, hospitali ya Arua iko karibu na kwangu, twende leo. Mkataba wetu unasema ukishindwa utasema.

"Mimi nasema?" aliuliza.

"Hujasema, lakini nimeona."

"Basi mimi bado." Alinyoosha tobe magotini. "Ile mutu wewe naona ni mutu ya kulala. Asubuhi kila mutu ni muzee. Hata wewe, bwana yako naona wewe asubuhi, yeye nakimbia?"

Nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka, kwa kuwa nilijua amenishinda. Mama ana njia ya kukutoa nje ya mazungumzo na wewe ukamshukuru mlangoni. Nilirudi Arua na mihogo mibichi na kuku wawili, bila mama.

Baada ya hapo akaanza kutuma video kwa makusudi. Sauti ile ya ndani ya kujumlisha hakuitaka tena. Alisema ikiwa serikali ya simu imeamua watu waonane, basi tuonane. Sasa alikaa kwenye kiti, mkao wa picha ya ukutani, kitambaa kichwani, poda, hereni za Idi. Aliiangalia kamera moja kwa moja. Salamu zilifupishwa, kwa sababu alihesabu kwamba mtu anayeonekana hana haja ya kusema mengi. Nyumba iko, mimi iko, ova. Zile nafasi za kimya zilikwisha. Majirani zangu sokoni walimwona kwenye simu wakasema mama yako kijana.

Nitasema kweli: nilimkumbuka yule mwingine. Yule wa mabati na kidevu, mwenye nywele chache, asiyejua kama kuna mtu anamtazama. Mwanzoni nilitaka sauti bila sura, sasa nilitaka sura isiyojijua, na vyote viwili walikuwa wamenipa na kuninyang'anya bila kuniuliza. Nilizifungua zile video za zamani jioni nikifunga hesabu, nikapunguza sauti ya maneno yake, nikatazama tu anavyopumua. Najua si adabu. Nilikuwa na hamu naye, na yule wa kwenye kiti hakunitosha.

Wiki chache zikapita hivyo. Nikawa ninatazama zile video za kiti kwa jicho moja, nikikoroga uji kwa mkono wa pili, nikisema nzuri mama, nzuri mama, kwa mazoea. Alikuwa anapendeza kila siku. Picha nayo ilikuwa imetulia kuliko zamani, haitikisiki, haionyeshi mabati, mama yuko katikati ya duara sawasawa. Nikafikiri amezoea. Nikafikiri hata yeye amewazidi ujanja hao mafundi.

Jumanne moja nilimaliza kusikiliza, nikaweka simu mezani, na video ikajirudia yenyewe, maana hilo nalo ni jambo lao jipya. Nikaitazama tena kwa kuwa ilikuwa mbele yangu. Mama amevaa kitambaa cha kijani. Mama anatabasamu. Mama anasema mimi iko muzima kabisa. Mikono yake yote miwili iko mapajani, imelala chali, haisogei, na nyuma ya simu mtu mwingine anakohoa taratibu asisikike, na kikohozi hicho nakijua, ni cha mama mdogo, dada yake anayekaa nyumba ya pili kutoka kwake. Nilirudi kwenye video ya jana yake, na ya juzi yake. Mikono ilikuwa mapajani katika zote, na aliyeishika simu hakuwa yeye.

Nilizima jiko. Nilimwambia mume wangu afungue duka au asifungue, atakavyo, nikatoka kwenda kutafuta gari la Koboko, na simu nikaiacha pale mezani, video ya mama ikijirudia tangu mwanzo.