Mwenye Viti vya Ndege Isiyoruka

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya kiwanja cha majani kilicho jirani na Maji ya Chai, na Mlima Meru hauonekani kabisa. Anyesi Nanyaro anavua viatu, anavipanga juu ya jiwe, kisha anaingia ndani ya ndege akiwa na soksi tu.

Hana safari. Ndege hii haijaruka kwa karibu miaka mitatu.

Analoweka kitambaa kwenye maji ya sabuni, anafuta viti vinne kimoja baada ya kingine, anapitisha kidole kwenye mishono. Akimaliza anainamisha kichwa na kusali kimya, mkono mmoja ukiwa juu ya kiti cha mbele, cha kulia.

"Hicho ni cha baba," anasema. "Hajawahi kukikalia."

Anyesi, mjane mwenye miaka arobaini na sita, ni fundi wa kushona viti vya magari ya watalii. Kibanda chake kipo Kaloleni, mjini Arusha, ambako siku nzuri humpa shilingi elfu ishirini. Masika, magari yakilala, kuna siku anarudi nyumbani na nauli tu. Pamoja na hayo, yeye ni mmoja wa wamiliki wa ndege hii ndogo ya injini moja.

"Nikisema kanisani kwamba nina ndege, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu," anasema. "Na mimi nacheka nao. Nifanyeje?"

Ndege ilinunuliwa, ikiwa imeshatumika sana, na klabu iliyoanzishwa na Frederick Akyoo, fundi wa ndege mstaafu aliyekuwa pia rubani. Frederick hakutaka klabu ya matajiri. Aliwakusanya watu sita, kila mmoja akatoa alichoweza. Anyesi hakuwa na fedha. Alishona viti vyote na turubai la kuifunika ndege, kazi ikahesabiwa kuwa hisa yake.

Lilipokuja suala la matunzo, walifanya kama nyama inavyogawanywa kwenye shughuli za ukoo huku mlimani, ambako kila mtu anajua fungu lake na hagusi la mwenzake. Sakaya, dereva wa watalii anayetoka upande wa magharibi wa mlima, alipewa bawa la kushoto. Magreth, mwenyekiti wa klabu anayeishi Njiro, aliangukiwa na mkia, na hadi leo anataniwa. Anyesi alipata viti. Frederick alichukua injini, na wote wakakubali kwamba hicho ndicho kidari, fungu la mkubwa.

Kwa muda, mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumamosi Frederick aliwarusha wenzake kwa zamu. Zamu ya Anyesi ilipofika, alikataa kupanda.

"Nilisema sitamtangulia baba," anaeleza. "Yeye amelima mlima huu maisha yake yote, kahawa na migomba. Alitaka aone shamba lake kutoka juu mara moja tu. Na daktari alishatuambia ana presha ya macho, kwamba kuona kwake kunakwisha."

Frederick aliahidi kumrusha mzee baada ya mavuno ya kahawa. Kabla mavuno hayajaisha, alipatwa na kiharusi.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo wanaklabu hawapendi kulizungumza. Ufunguo wa kuwashia injini ulikuwa nyumbani kwa Frederick. Injini ya ndege ikikaa bila kuwashwa, unyevu huingia na kuila taratibu, na wote walilijua hilo. Walikwenda kumwona mgonjwa, wakaimba, wakamwombea, wakapeleka ndizi na maziwa. Hakuna aliyeomba ufunguo.

"Ungeuombaje?" anauliza Sakaya. "Mtu amelala, hasemi, mke wake analia, halafu wewe useme, mama, nipe ufunguo wa fungu lake? Hiyo ni kugawa urithi wa mtu anayepumua."

Walisubiri apone. Zilipita masika mbili. Frederick alipozikwa, mjane wake mwenyewe ndiye aliyeleta ufunguo, umefungwa kwenye leso. Fundi aliyeitwa kuifungua injini alikuta kutu imejaa ndani. Kuitengeneza kungegharimu zaidi ya bei ya ndege yenyewe.

Sasa amepatikana mnunuzi anayetaka kuikata ndege kwa ajili ya vipuri. Kwa utaratibu wa klabu, haiuzwi mpaka wenye hisa wote wakubali. Wote wamekubali, isipokuwa Anyesi.

Saa tatu wenzake wanafika na kukaa chini ya paa la mabati linaloifunika ndege. Magreth anafungua kwa sala fupi, kisha anamgeukia.

"Dada Anyesi, ni wewe tu tunayekusubiri. Mwezi wa ngapi huu?"

"Naomba tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Injini ifufuke?"

"Mungu hashindwi."

"Hashindwi, ndiyo," anasema Magreth. "Ila hajatuambia kwamba ataifufua injini." 

Sakaya anajaribu kutania: "Mama, bawa langu limezeeka likisubiri kiti chako. Hata ng'ombe angeshajifia zizini."

Wachache wanacheka. Anyesi hacheki.

"Mnunuzi anasemaje kuhusu viti?" anauliza.

Magreth anatazama chini. "Viti hata hajaviulizia, dada yangu. Anataka mabawa na vyuma."

Kikao kinafungwa bila uamuzi. Magreth anamwambia mwandishi pembeni kwamba haelewi. "Sisi sote tunaumia. Mimi nilikuwa najifunza urubani. Lakini kila mvua ikinyesha, hata kile kilichobaki kinaoza."

Jumapili, baada ya ibada na mnada wa sadaka za ndizi na mayai nje ya kanisa, Anyesi anapanda kwa baba yake akiwa na kichane cha ndizi alichokishinda. Mzee Thomasi ameketi barazani kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo, uso ameuelekeza mlimani. Siku hizi anatambua mwanga tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wameshaichinja ndege yenu?"

"Bado. Nimekataa."

"Umekataa kwa sababu gani?"

Anyesi anamwekea kichane mapajani. Mzee anapapasa ndizi, anaipima moja kwa vidole.

"Unawazuia wenzako wote kwa ajili ya macho yangu," anasema. "Macho yameshakwenda, mwanangu. Hata wakiniwekea injini mpya leo, nitakaa humo ndani kama gunia la mahindi."

"Niliomba sana, baba. Kila asubuhi."

"Na mimi niliomba. Tumejibiwa hapana." Anamenya ndizi polepole. "Tangu lini mnyama akigawanywa, baba wa binti akakosa fungu lake? Fungu lako si viti? Wanavitaka?"

"Hawavitaki."

"Basi niletee kimoja. Hiki kimenimaliza mgongo."

Anyesi anafunika uso kwa khanga na kulia. Baba yake anaendelea kula ndizi, anamwacha alie mpaka amalize.

Hakuna anayedai kwamba hii ni habari njema. Jumamosi ijayo Anyesi atakubali, na ndege iliyokusanya watu sita itaondoka vipande vipande. Yeye mwenyewe hajawahi kuiona Arusha kutoka angani, na haoni ni lini ataiona. Mpango alionao ni mdogo: ameazima spana kwa fundi jirani pale Kaloleni, na amepata mtu wa pikipiki ya matairi matatu wa kupandisha kile kiti cha mbele cha upande wa kulia hadi barazani kwa baba yake. Atakifunga kwa bolti kwenye ubao, kielekee mlimani.

Alikuwa amefikiri kukiondolea mkanda, kwa kuwa hautakuwa na kazi. Mzee alikataa.

"Uache hapo hapo," alimwambia. "Nitaufunga. Wewe utakaa pembeni, uniambie tumefika wapi."