Picha ya Kufika

Hakukuwa na pembe ya Malaga, kule Hispania, ambayo Honorine hakuijua. Aliijua ngome ya Waarabu inayopanda kilima ngazi kwa ngazi, na ngome nyingine iliyo juu yake, na mawe ya ukumbi wa Warumi yaliyopangwa chini kama meno ya mzee. Alijua kwamba kanisa kuu la mji huo lina mnara mmoja tu, kwa sababu wa pili haukumalizwa, na kwamba wenyeji huliita Mama wa Mkono Mmoja. Alijua hata mahali ambapo marumaru ya barabara ya maduka huteleza ikinyesha mvua. Katika mji huo wote palikuwa na kitu kimoja tu asichokijua, na hicho ndicho kilichomfanya asikae kitini: hakujua mdogo wake Balthazar alikuwa akilala wapi.

Malaga yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa Guildford, magharibi ya Sydney, Agosti ya mwaka 2021 ilipokuwa ikielekea ukingoni, na dunia yake ilikuwa na upana wa kilomita tano. Mji ulikuwa umefungwa. Watu wa upande wao waliruhusiwa kunyoosha miguu kwa saa moja kwa siku, barakoa usoni, na helikopta ya polisi ilipita juu ya mapaa kama inzi aliyekosa pa kutua. Kazini aliruhusiwa kwenda, kwa kuwa ghala lao la Seven Hills lilipakia vyakula, na watu waliofungiwa ndani hawaachi kula. Alikuwa na kibali kwenye simu. Kazini, nyumbani, nyumbani, kazini. Na Jumapili, Malaga.

Saa kumi na moja jioni simu ililia, na kule kwa Balthazar ilikuwa saa tatu ya asubuhi.

"Yaya!" Balthazar akamwita, kama kwao Kongo wanavyomwita dada mkubwa. "Umejiandaa? Leo tunapanda ngome ya juu. Beba maji, mlima ni mkali."

"Nimeshavaa viatu."

Na kweli alikuwa amevaa. Hakuweza kumfuata mdogo wake akiwa ameketi. Yule akipanda kilima cha Malaga, huyu alitembea kutoka jiko hadi mlango, hatua tisa kwenda, hatua tisa kurudi, simu mbele ya uso, mpaka binti yake Ange, mwenye miaka kumi na sita, alipolalamika kwa Kiingereza kwamba mama anamtia kizunguzungu.

Balthazar alikuwa amefika Hispania miaka mitano nyuma, kwa njia ambayo hakupata kuisimulia. Kifaransa alitoka nacho Uvira, Kiingereza alikiokota njiani, Kihispania akakimeza akiwa kule, na kwa ndimi hizo akapata kazi ya kuwatembeza watalii. Kisha korona ikaja na watalii wakakatika kama maji ya bomba. "Kazi imepoa kidogo," alimwambia dada yake, "lakini mimi niko vizuri." Tangu siku hiyo mtalii wake alibaki mmoja.

"Na wagonjwa wako, Yaya? Hawajambo?"

"Hawajambo," Honorine alijibu kila Jumapili, na kila Jumapili alibadilisha mazungumzo upesi.

Ange ndiye aliyeona. Balthazar alikuwa ameegemeza simu ukutani ufukweni ili aonyeshe jinsi dagaa wakubwa wa kule wanavyochomwa, wametungwa kwenye vijiti na kusimamishwa mbele ya moto ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Alikuwa akieleza, mikono hewani, kama mwalimu.

"Mama," Ange alisema kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilimshtua Honorine, "mbona Tonton anabeba mswaki?"

Honorine alitazama. Kwenye mfuko wa shati la mjomba wa mtoto, pale ambapo mtu huweka kalamu, ulisimama mswaki wa bluu. Sasa mambo aliyoyaona kwa miezi bila kuyaona yakaanza kupanga foleni. Mkoba uleule mgongoni kila wiki. Taulo la kijani lililoanikwa kwenye mwamba. Simu ambayo daima ilikuwa inakaribia kuzimika.

Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi moja ambayo majirani waliicheka. Mgeni akiingia, kabla ya kiti, kabla hata ya maji, alipelekwa jikoni na kufunuliwa sufuria. Iwe na samaki, iwe na maji matupu, ataona. "Anayekuonyesha mlima na ziwa akakuficha sufuria," alikuwa akisema, "ana njaa."

Jumapili iliyofuata Honorine hakungoja salamu ziishe.

"Balta, leo sitaki ngome. Nionyeshe kwako."

"Kwangu? Kwangu hakuna cha kutazama. Mtalii gani anavuka bahari kuja kuona kitanda?"

"Mimi ni mtalii?"

"Basi nifagie kwanza, Yaya. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata, alisema, mtandao haukufika ndani. Wiki ya baadaye mwenzake wa chumba alikuwa amelala. Honorine akakata simu mapema, akaosha vikombe vilivyokuwa safi, akavifuta, akaviosha tena.

Kazini alikuwa akiviringisha plastiki kwenye mizigo, anazunguka rundo la maboksi akiwa ameinama, mzunguko baada ya mzunguko. Mwenzake Shirleen, Mkenya wa St Marys, alisimama upande wa pili wa mstari wa njano, mita moja na nusu kama ilivyoamriwa, na kumtazama.

"Wee Honorine, utachimba shimo hapo. Ni nini?"

Honorine akamweleza yote: mswaki, taulo, mwenzake wa chumba asiyeamka.

"Ama kweli," Shirleen akasema, "wewe kila wiki uko Hispania, na mimi sijaona hata Penrith hapo jirani tangu Juni. Sasa niambie. Yeye ameshaona kwako?"

"Ana picha."

"Ya nyumba?"

Honorine akazunguka rundo lake mara mbili, kisha akamsimulia.

Ilikuwa ni picha ya kufika. Kambini Nyarugusu, kule Tanzania walikoishi kama wakimbizi, mtu aliyepata safari ya ng'ambo alipaswa kutuma picha kabla juma halijaisha, amesimama mbele ya kitu ambacho hata mtoto anakijua. Bila hivyo, waliobaki walisema ndege imemmeza, au kiburi. Siku yake ya tatu Sydney, Honorine aliazima koti la Mélanie, mwanamke waliyefika naye, akapanda treni hadi kwenye lile jumba la muziki lenye mapaa kama matanga, akasimama, akacheka meno yote. Kwenye treni ya kurudi alilia hadi Granville. Picha ilizunguka kambi nzima. Balthazar aliichapisha, akaivusha jangwa na bahari ndani ya plastiki, na alipouliza dada yake anafanya kazi gani katika mji mzuri namna hiyo, Honorine alijibu: muuguzi. Kozi alikuwa ameiandikisha kweli. Aliiacha muhula wa kwanza, Ange alipougua. Neno ndilo lililobaki.

"Kumbe!" Shirleen akapiga paja, barakoa ikamshuka puani. "Wewe unamwonyesha jumba la muziki, yeye anakuonyesha ngome. Nyinyi ni watalii wa ukoo mmoja! Sasa nani atakaribisha mwenzake ndani kwanza, mdogo ama mkubwa?"

Honorine hakucheka. Lakini alasiri ile, akiviringisha, alijikuta amefunga rundo moja mara mbili.

Jumapili ya tatu ya Septemba ni yeye aliyepiga.

"Yaya, umeniwahi. Leo nilitaka tushuke bandarini..."

"Leo mimi ndiye ninayetembeza. Wewe nyamaza ufuate."

Alianzia nje, kwenye njia inayopita kando ya mfereji wa zamani wa maji. "Huu ulileta maji mjini, sasa umekauka. Watu hutembea hapa kwa sababu hawana pengine pa kwenda." Akageuza simu juu. "Ile ni helikopta, inatuhesabu." Akarudi kwa hatua za haraka, simu ikiruka mkononi, akapita kando ya nyumba kubwa ya mwenye nyumba, akafika kwenye kibanda cha uani. "Huu ndio mlango wangu. Usishangae, ni huohuo wa nyuma na wa mbele."

Ndani, Ange alijibana pembeni na kompyuta yake ya shule.

"Chumba ni cha Ange, ana mitihani. Mimi nalala hapa." Alilikunjua kidogo kwa mguu godoro lililosimamishwa kando ya friji. "Na hii ni sufuria." Akafunua. Mvuke wa sombe, majani ya muhogo, ukaficha kioo cha simu, akakifuta kwa kanga. Kisha Honorine akafika msumarini, akashusha kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, na kisu cha kukatia maboksi mfukoni mwake.

"Wagonjwa wangu ndio hawa, Balta. Wagonjwa wangu ni maboksi. Miaka saba sasa."

Alidhani mtandao umekatika. Kisha akasikia sauti aliyoijua tangu akimbeba mgongoni: Balthazar alikuwa akicheka, na katikati ya kicheko pumzi ikamkatika.

"Kila Jumapili nawasalimu," alisema. "Maboksi!"

"Na hawajambo kweli. Sikudanganya."

Walicheka wote wawili, na Ange akacheka bila kujua kama inaruhusiwa. Honorine alikuwa tena kwenye hatua zake tisa.

"Betri ni kidogo, Yaya," Balthazar akasema.

"Najua. Tembea."

Alitembea. Safari hii hakutaja jina la kitu. Mnara mmoja wa kanisa ulipita pembeni mwa kioo, ukaachwa. Ufukwe, mchanga, mtumbwi wa dagaa uliofunikwa turubai. Nyuma ya mgahawa kulikuwa na banda la mbao; akasukuma mlango kwa bega. Vitanda vya kuotea jua vilipangwa mpaka darini, miavuli imefungwa kamba. Kimoja kilikuwa chini, juu yake blanketi lililokunjwa vizuri, kama alivyowafundisha mama. Ukutani, ndani ya plastiki, Honorine alijiona mwenyewe katika koti la Mélanie, meno yote nje.

"Mwenye mgahawa ananiachia nilinde. Tangu mwaka jana, mwezi wa tano. Baridi si sana."

Honorine aliacha kutembea. "Sufuria iko wapi?"

"Yaya..."

"Sufuria, Balta."

Ilikuwa juu ya jiko dogo la gesi, nyeusi chini. Akafunua. Ndani mlikuwa na ugali kidogo wa unga wa ngano, wenye madonge.

Honorine aliusogelea uso wa simu, akautazama ugali ule kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ngome zote mbili.

"Unga umeutia kabla maji hayajachemka," alisema. "Tangu utoto nakwambia."

"Gesi ilikuwa inaisha."

"Usisogee. Shika kifuniko hivyohivyo, hii ndiyo picha yako ya kufika." Akamwita Ange aje amfundishe upesi jinsi ya kupiga picha kilichomo kwenye kioo. Balthazar alisimama, kifuniko mkononi, mswaki mfukoni, bila kujua kama acheke. Ange alibonyeza. Sekunde chache baadaye simu ya Balthazar ikazimika.

Honorine alibaki katikati ya chumba. Saa yake ya kutembea ilikuwa bado na dakika ishirini. Akavaa barakoa, akachukua ufunguo, akatoka tena kwenda mferejini, na safari hii alitembea akijiuliza kwa sauti angempeleka Balthazar wapi kwanza siku ambayo njia zingefunguliwa, na kila mara jibu lilikuwa jikoni.