Mkwe, Mashine na Skafu ya Kijani

Mwirigi anapenda kuitwa Daktari wa Mapafu. Hakuna aliyempa jina hilo ila yeye mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kliniki yetu, hapo nyuma ya soko la Gakoromone, mjini Meru, kati ya duka la mbegu na mahali wanapooshea karoti. Mimi ni Kajuju, muuguzi wake, huu mwaka wa sita, na nasema wazi kwamba ni mtu mwema. Hajawahi kumfukuza mgonjwa. Akikutana na mzee barabarani hushuka pikipiki amsalimie. Lakini haki ya Mungu, kwa kujiona, huyo mtu hana mwenzake kuanzia hapa mpaka Embu.

Kutibu watu alikusomea miaka mitatu, akapata leseni yake halali, hapo sina neno. Mapafu aliyasoma siku tatu. Ilikuwa semina hotelini, na siku ya pili, kwa maneno yake mwenyewe, alisinzia kuanzia chakula cha mchana mpaka chai kwa sababu nyama ilikuwa nyingi. Akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, pamoja na mashine ya kupima pumzi, kitu cha ukubwa wa redio ndogo, chenye mrija wa kupulizia na waya wa kuingia kwenye kompyuta. Cheti akakitilia fremu. Mashine akaishonea kifuniko cha kitambaa. Mke wake Wamuyu, binti ya watu wa Runyenjes kule Embu, aliniambia hata picha ya harusi yao haina fremu.

Kazi ya mashine yenyewe si ngumu kueleza. Unavuta pumzi ujae, unabana midomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu zako zote bila kukata mpaka uishiwe. Kompyuta inalinganisha pumzi yako na ya mtu mwenye afya wa umri wako na urefu wako, kisha inatoa karatasi. Juu kuna picha, mstari unaopanda na kushuka. Katikati nambari, nyingi mpaka kichwa kiume. Chini kabisa kuna sentensi moja ya kumalizia. Mimi nilifanya kazi miaka tisa katika wodi ya kifua, chini ya daktari mmoja mama mkali ajabu, aliyekuwa akizifunika zile nambari kwa kiganja na kutuambia, "Picha kwanza. Atakayeanza na nambari, mlango ule pale." Mwirigi yeye alianzia chini. Alisoma ile sentensi ya mwisho, akapiga muhuri, akaita anayefuata.

"Sista, mashine haidanganyi," aliniambia kila nilipofungua mdomo.

Muulize Mithika, mwalimu wa kwaya. Mashine ile ina upuuzi mmoja, inapenda kukuambia mapafu yako yana miaka mingapi. Mithika mwenyewe ana hamsini na miwili. Alikuja na kikohozi cha wiki moja, akaambiwa mapafu yake yana miaka tisini na nne. Maskini alienda nyumbani, akawaita wanawe, akawatembeza shambani kuwaonyesha mipaka. Kwaya akaiacha. Baada ya wiki mbili nikaitoa karatasi yake nikaitazama: urefu, sentimita mia moja tisini na tano. Mithika, ambaye hafikii rafu ya juu bila kupanda kiti! Mwirigi alikuwa amegeuza tarakimu, mia moja hamsini na tisa ikawa mia moja tisini na tano, na mashine ikamdai mtu mfupi pumzi ya jitu. Tuliporekebisha, mapafu yakarudi hamsini na kitu. Unadhani Mwirigi aliona haya?

"Unaona, sista? Mashine haikudanganya. Mimi ndiye niliyeidanganya."

Akacheka, akaendelea vile vile. Wana wa Mithika wanagombania ile mipaka mpaka leo.

Lakini la Mama Wamuyu halikuwa la kucheka. Huyu ndiye mama mkwe wa Mwirigi, mjane, ana kahawa yake na ng'ombe wawili huko Runyenjes, na ana mdomo mtamu wa utani akiwa na pumzi ya kuutumia. Kwa miaka miwili pumzi ilikuwa ikimwisha. Kutoka shambani kupanda nyumbani alisimama mara nne. Akilala chali alikabwa, kwa hiyo alilala ameketi, amejazia mito mgongoni. Akivuta hewa, ilipiga mluzi. Mwirigi alisimuliwa na mkewe akasema hiyo ni pumu, akawa anamtumia dawa za kuvuta, kwanza ya buluu, kisha ya kahawia, kisha vidonge juu yake. Mimi ndiye niliyezifunga kwenye bahasha na kumpa Wamuyu apeleke. Hakuna hata moja iliyosaidia. Mwaka jana, mwezi wa saba, Wamuyu akachoka. Akasema mama aletwe kliniki, apimwe kwa hiyo mashine inayosifiwa mezani kila jioni.

Hapo ndipo penye ajabu yenyewe. Mama mkwe huko Embu ni muthoni, mkwe wa kuonewa haya, na kwetu Meru mambo ni yale yale: mwanamume hamkazii macho, hamgusi, haketi karibu naye, wala hazungumzi naye habari za mwili. Vijana wa siku hizi wengi wameachana na hayo, wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Mwirigi hakuachana na chochote. Katika jambo hilo amempita hata baba yake. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajui mama mkwe wake ana macho ya rangi gani.

Basi siku ya kipimo akanipanga mimi na mama ndani ya chumba, yeye akasimama nje ya pazia, ameelekea ukutani, anaisoma kalenda.

"Sista," akaita kutoka huko, "mwambie mama, kama si usumbufu, avute pumzi."

"Mama, vuta pumzi ujae."

"Mwambie sasa, taratibu, akipenda, apulize."

Taratibu! Akipenda! Kipimo hiki mtu hupigiwa kelele kama watu wanaosukuma lori kwenye matope. Kule wodini tulipiga kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili nao wakapuliza. Nikajaza kifua nianze, nikasema "Puliza! Puliza!" mara mbili tu, pazia likatikisika.

"Sista! Huyo ni mama mkwe wangu. Usimfokee."

Kwa hiyo Mama Wamuyu akapuliza kwa adabu, kiganja mbele ya mdomo, kama anayempozea mtoto uji. Kompyuta ikatoa karatasi yake. Nikaipitisha chini ya pazia. Mwirigi akaruka picha, akaruka nambari, akafika alikozoea kufika, akasoma kwa sauti ya mchungaji kwamba njia za hewa zina zuio kali.

"Pumu kali," akatangaza. "Tutaongeza dawa mara mbili. Sista, mpe mama kiti kizuri, mimi nakwenda kutafuta nyama. Muthoni hawezi kutoka kwangu na njaa."

Pikipiki ikaondoka. Nikaiokota ile karatasi na kuitazama kama nilivyofundishwa. Mtu mwenye mapafu mazuri akipuliza, mstari unapanda mlima wenye ncha, halafu unateremka. Mwenye pumu naye hupanda, ila mteremko wake huwa umebonyea ndani. Wa mama ulipanda kidogo ukakatwa kichwa. Juu palikuwa tambarare, kama meza. Sasa, huenda ni kwa sababu alipuliza kivivu. Huenda pia si hivyo, na wazo hilo la pili likanitia baridi. Nikafunga mlango.

"Mama, daktari ameondoka. Nataka turudie, na safari hii nitakupigia kelele. Unisamehe."

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Piga, mwanangu. Nimechoka kuheshimiwa."

Nikapiga kelele. Waosha karoti waliacha kuosha. Mama alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akapumzika, akapuliza tena, akapumzika, akapuliza ya tatu. Karatasi tatu nikazipanga mezani, na zote zilikuwa zimekatwa kichwa mahali pale pale. Mtu mvivu hatoi uvivu wa kipimo kimoja mara tatu. Mistari yake huwa kila mmoja na kwao. Kisha nikamwambia avute hewa kwa nguvu vile vile, na chini nako mstari ukatoka bapa. Pumu hubana vijia vidogo huko ndani, na humtesa mtu zaidi katika kutoa hewa. Huyu alikuwa anazuiwa kutoa na kuingiza, sawasawa. Palikuwa na kitu kimelikaba bomba kubwa la hewa lenyewe.

Ndipo nikaiona ile skafu. Ya kijani, imezungushwa shingoni mara mbili. Alikuwa nayo pia Krismasi nyumbani kwa Mwirigi, na jua lilikuwa kali.

"Mama, toa skafu."

Akatazama mlango. "Amerudi?"

"Bado."

Akaifungua polepole. Goita! Uvimbe wa ukubwa wa ngumi chini ya koo, na ulikuwa haujaishia pale, ulikuwa umeshuka nyuma ya mfupa wa kifua ambako kidole changu hakikuweza kuufuata.

"Wueh! Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Daktari wangu ndiye mkwe wangu. Nimwonyeshe shingo?"

Niliona hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu. Miaka miwili nilikuwa nikifunga bahasha, nikijua vizuri kwamba hakuna aliyemgusa huyo mama, nikinyamaza kwa sababu bosi ni bosi. Mwirigi na heshima yake, mimi na mshahara wangu, tulikuwa tumemshika yule mama shingo kila mtu kwa mkono wake.

Akarudi na kilo mbili za nyama na soda. Nikamketisha mezani kwake, nikaweka zile karatasi tatu, nikafunika nambari kwa kiganja.

"Picha kwanza," nikamwambia.

"Lakini mashine imesema zuio."

"Imesema kuna zuio. Haijasema liko wapi. Hiyo ilikuwa kazi yako."

Akatazama. Simwonei, akili anayo, na kitu alichokisinzia kwenye semina kilianza kumrudia usoni. "Liko wapi, sista?"

"Shingoni. Nenda ukaone."

Akainuka, akafika kwenye pazia, akalishika. Akabaki amelishika. "Siwezi," akasema.

"Basi andika barua ya rufaa. Kuandika hakutaki umtazame mtu."

Aliandika. Siku ile ile Wamuyu alimpeleka mama hospitali kubwa, na baada ya wiki tatu akapasuliwa. Daktari wa upasuaji alimwambia Wamuyu kwamba bomba la hewa lilikuwa limebaki upana wa mrija wa soda, na kwamba vile vidonge vya kuongezwa mara mbili visingemfikisha mgonjwa Desemba akiwa hai. Pumu hakuwa nayo. Hajawahi kuwa nayo.

Na Mwirigi je? Kabla kidonda hakijapona, Gakoromone yote ilikuwa inajua jinsi Daktari wa Mapafu alivyotupia picha jicho moja akagundua goita iliyofichika. Aliwasimulia hata waosha karoti, watu waliosikia kwa masikio yao ni nani aliyekuwa akipiga kelele. Mimi nilinyamaza. Kunyamaza nilishakuzoea.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mama akarudi kupimwa. Benchi lilikuwa limejaa, Mithika akiwemo, na Mwirigi alikuwa katikati yao, amefika pale penye "nikatazama tu, nikajua." Mama Wamuyu akaingia bila skafu. Kovu lake lilikuwa jembamba, limelala chini ya koo kama mkufu. Alipita watu wote, akaketi kwenye kiti cha kipimo, na nilipotaka kuvuta pazia akanizuia mkono.

Akapuliza. Mstari ukapanda, ukatoa ncha, ukateremka vizuri. Karibu nilie mbele za watu. Akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya kufika nje, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kajuju, mwambie daktari nashukuru kwa heshima."

Mwirigi alikuwa hatua tatu kutoka hapo. "Daktari, mama anashukuru kwa heshima," nikasema.

"Mwambie ilibaki kidogo initie kaburini."

Nikamwambia. Mungu anisamehe, nilimwambia kwa sauti ile ile ya puliza, puliza. Mwirigi alikuwa ameshaipata kalenda yake ukutani.

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie anitazame."

Hilo sikulirudia. Nilingoja. Mwirigi akaiacha kalenda, akageuka, akainua macho, akamtazama mama mkwe wake usoni, kisha akashuka mpaka kwenye kovu, na macho yake yakabaki hapo.

"Pole, mama," akasema, na hakupitia kwangu.