Siku Ndui Ilipokufa

Melania wa Masumbwe alikuwa na makovu ya ndui usoni, wala hakuyaficha. Ugonjwa ulimkuta angali mdogo. Yeye akapona, wadogo zake wakafa. Ndiyo maana serikali ilipotafuta wachanjaji, mwishoni mwa miaka ya sitini, hakusubiri kubembelezwa.

Alizunguka na baiskeli mpaka Bugarama, akichanja watu minadani na kwenye mashamba ya pamba. Dawa aliyobeba ilitoka kwa Warusi. Sindano zake zenye ncha mbili zilitoka kwa Wamarekani. Redioni mataifa hayo yalikuwa yakitishana kwa mabomu!

“Wanakudanganya,” mumewe Stanslaus alimwambia. “Mafahali wawili hawakai zizi moja.”

“Haya, lete mkono uone walivyokaa,” Melania akamjibu, akamchanja palepale.

Miaka ikapita. Wagonjwa wakapungua, kisha wasionekane kabisa. Mchana mmoja wa Mei 1980 alikuwa anapepeta mpunga uani, redio iko dirishani, mara mtangazaji akasema ndui imetoweka duniani kote. Ungo ukamponyoka. Akapiga ukelele hata Mbuke, jirani yake, akaja mbio na mtoto mgongoni.

“Mayu, mama Melania, nani amekufa?”

“Ndui! Ndui imekufa!”

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kuku wanakula mpunga na hana habari. Stanslaus akatoka ndani, akasikiliza redio mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Kumbe mafahali walikaa,” akasema.

Mbuke akamshusha mtoto na kumkunjia mkono wa gauni. “Basi mchanje huyu wangu kabla dawa haijaisha.”

“Simchanji.”

“Unaninyima, mama?”

“Sikunyimi. Hahitaji! Huyu hataugua ndui, wala wanawe, wala wajukuu zake.” Melania akaubusu ule mkono laini usio na alama. Katika kazi yake yote hakuwahi kumkataa mtu, na leo kukataa kulikuwa kutamu kuliko asali ya Masumbwe.

Mbuke akawaza kidogo. “Na surua je? Mwaka juzi ilichukua watoto wa dada yangu.”

Melania akapangusa machozi. Kama Warusi na Wamarekani wasiosalimiana waliweza kumaliza hili, lipi litawashinda?

“Surua?” alisema, tayari anajifunga kitambaa kichwani. “Twende zahanati tukaulize chanjo yake inaanza lini.”