Siku Shemeji Alipoitwa Fundi na Mwanawe

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Wala si jina la sifa. Ukimpelekea kochi lako alivalishe upya, rudi nyumbani utandike mkeka, ukae chini, uzoee. Akishika sponji anaiangalia kama anataka kuiposa. Akipigilia msumari mmoja anarudi nyuma, anaweka kichwa upande, anasema "mmh," halafu anautoa. Mimi ndiye ninayewapelekea wateja wake makochi kwa pikipiki yangu ya mizigo, ile ya matairi matatu, na nakwambia kweli, yule mtu amenipandisha damu kuliko askari wote wa barabarani ukiwajumlisha.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayemkimbiza: mwanawe. Ana miaka minne, kichwa kikubwa, magoti yana makovu, na tunamwita Mkaguzi kwa sababu hakuna kitu kinachopita nyumba ile bila yeye kukikagua. Chai anaikagua. Kaptula anaikagua. Hata mimi mjomba wake nikiamka ananiambia fungua mdomo, aone kama nimepiga mswaki.

Dada anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo asubuhi ni ya baba na mwana, na mimi chumba changu kimepakana na bafu lao, kwa hiyo ni yangu pia, nitake nisitake.

"Baba, maji ya baridi."

"Ya vuguvugu hayo."

"Weka mkono wewe."

Anaweka mkono. "Vuguvugu."

"Weka mguu."

Anaweka mguu.

"Weka kichwa."

Na mtu mzima na ndevu zake anainama, anatumbukiza kichwa kwenye beseni! Nasikia maji yanavyomwagika. Napiga ukuta: "Shemeji! Huyo mtoto ndiye anayekuogesha wewe!"

"Nyamaza, hujazaa wewe."

Kuvaa nako ni hivyo hivyo. Kiatu cha kulia kinaingia mguu wa kushoto, mtoto anasema sawa, baba anasema si sawa, wanabishana mpaka mlinzi wa chekechea anataka kufunga geti. Halafu wanaondoka wanakimbia, Taratibu kashika mkoba wa katuni, mtoto kakaa mabegani anamwelekeza njia kama dereva wa lori.

Mchana Mkaguzi anamaliza chekechea, anashinda karakana. Na anapopata usingizi, lazima awe na Mwenzangu. Mwenzangu ni kipande cha mahameli, rangi ya damu ya mzee, ukubwa wa kitambaa cha jasho. Alikiokota chini ya mashine alipokuwa bado anatambaa, na tangu hapo hawajaachana, ila saa za chekechea tu, hapo kinamsubiri karakana. Anakisugua kwa kidole gumba mpaka macho yanafumba. Kimefuliwa, kimekanyagwa, kimelambwa, kimelowa mate na supu. Kina harufu yake, sitaki kuieleza. Dada alishajaribu kukitupa, mtoto akalia majirani wakaja kuuliza nani kafariki.

Sasa sikia alichofanya Taratibu.

Kulikuwa na kochi la saluni. Mwenye saluni, tunamwita Mama Saluni, ni mama mwenye sauti ya kusimamisha gari. Alitaka kochi refu la wateja kukalia wakisubiri, mahameli nyekundu iliyoiva, mgongoni vifungo, kila kifungo kimevalishwa kitambaa kilekile. Alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, kesho yake asubuhi akapiga tena. Taratibu akaanza kuharakisha, kitu ambacho mwili wake haukuumbiwa. Akafika mwisho, vimebaki vifungo viwili, kitambaa kimekwisha. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia chini ya mashine. Mahameli. Nyekundu. Kipo tu.

Mtu mwingine yeyote angeona kitambaa cha mtoto. Fundi makochi aliona kipande. Akashika mkasi, akakata miduara miwili katikati, akavalisha vifungo, akashona, akapakia.

Aliyekuwa nje anapiga honi ni mimi. Dada anasema ndiyo sababu. Mimi nasema honi haikati kitambaa.

Narudi kutoka kushusha kochi, namkuta Mkaguzi ametoka chekechea, amesimama katikati ya karakana. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alikishika Mwenzangu kwa mikono miwili, akakiinua mpaka usoni, na yale macho mawili yakatuangalia kupitia matundu mawili.

"Nani kamtoboa Mwenzangu?"

Taratibu alikuwa bado ana mkasi mkononi. Akauweka nyuma. Mtoto akamzunguka, akaukuta.

"Nilidhani ni kipande tu, mwanangu. Haraka ya kazi."

Mtoto akakikunja kitambaa pole pole, akakitia mfukoni. Akavuta stuli, akakaa, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine kama wateja wanavyofanya.

"Fundi," akasema, "nataka maji."

Mimi nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Taratibu naye akacheka. Akaleta maji. "Haya, shika. Sema asante baba."

"Asante fundi."

Jioni ikawa, "Fundi, nimeshiba." Dada akapaliwa na chai. Kesho yake asubuhi nikatega sikio ukutani, nikisubiri mkono, mguu, kichwa. Badala yake nikasikia, "Maji yako sawa, fundi. Naoga mwenyewe." Sikusikia mtu akiinama. Sikusikia beseni likimwagika. Nikatoka nje, nikamkuta shemeji amesimama mlangoni pa bafu na taulo begani, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Kanuna tu huyo," nikamwambia. "Mchape kidogo."

"Kwa kosa gani? Mkasi nilishika mimi."

Siku zikaenda. Akakata mahameli mpya, akaziba yale matundu, mshono ulikaa vizuri kabisa, mimi ningemwamini. Mkaguzi akapitisha kidole gumba mara moja. "Huyu ni mgeni," akasema, akafumua kiraka kwa meno. Mchana halali. Anakaa macho makavu kwenye kona, kichwa kinaanguka, anakiinua. Na ile fundi, fundi, fundi, haimtoki mdomoni. Mtu wa duka la jirani akamuuliza, baba yako yupo? Akajibu, "Fundi yupo ndani."

Taratibu akaanza kukosea vipimo. Akakata kitambaa cha kiti akakifanya kifupi, akakaa akakitazama. Dada akamwambia tukiwa tunakula, "Nenda saluni ukatoe vipande vya mtoto."

"Nimwambie nini yule mama? Kwamba kwenye kochi lake nimeshonea kitambaa chenye mate? Fundi anayerudi kufumua kazi aliyokwishakabidhi, kesho nani atamletea hata mto?"

"Haya. Endelea kuwa fundi wake."

Taratibu akaweka kijiko chini. Chakula hakukimaliza.

Kesho yake mchana akanifuata kijiweni na mkoba wa vifaa, mtoto kamshika mkono wa pili. "Tupeleke saluni." Nikamuuliza atasema nini. Akasema atajua akifika. Nikaona nisipokwenda atapigwa brashi za nywele akiwa peke yake, nikawasha pikipiki.

Saluni ilikuwa imejaa. Kwenye lile kochi wamekaa akina mama bega kwa bega, vichwa vimejaa roli za kukunjia nywele kama mitambo, mmoja anakunywa soda. Mama Saluni akageuka na kitana. "Eh! Fundi! Nani kakuita? Kochi langu lina nini?"

Taratibu akaweka mkoba wa vifaa chini. Nikaona jasho. Nikasema moyoni, atadanganya, atasema amekuja kukaza misumari, na mimi nitamuunga mkono.

"Mama, nilipungukiwa kitambaa. Nikakata cha mtoto wangu, anacholalia. Vifungo vyako viwili ni vyake. Nimekuja kuomba nivitoe, nikuwekee vingine."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo," akasema Mama Saluni, "wateja wangu wameegemea nepi?"

"Si nepi!" Mkaguzi akamkatiza. "Ni Mwenzangu." Akamtoa mfukoni, akamwinua usoni, akawaangalia wote kupitia matundu.

Wanawake wale! Mmoja alimwaga soda. Mwingine akapiga kofi la paja. "Fundi, umemtoboa mwenzake mtu!" "Yangu macho, mie siegemei tena!" "Na huyo mwingine mlangoni ndiye nani, mlinzi wako?" Huyo mwingine ni mimi. Msichana anayesuka akanikagua kuanzia viatu, akasema, "Mlinzi gani huyo, mbona hata ndevu hana." Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno, na yeye akaniambia maneno, na ya kwake yalikuwa mazuri zaidi, kwa hiyo sitayaandika.

"Haya kimya," akasema Mama Saluni. "Vifungo vyenyewe viko vingi. Utavijuaje?"

Taratibu akajikuna. Mkaguzi hakusubiri. Akapanda kochi na viatu vyake, akamwambia mama wa kwanza, "Inama." Mama akainama. Akapitisha kidole gumba nyuma ya mgongo wake. "Siye. Inama na wewe." Akapita hivyo kochi zima, watu wazima na roli zao wanainama mmoja mmoja kama wanapita chini ya kamba, mpaka akafika kwa mama mnene wa pembeni. "Simama." "Nina rangi kichwani, mtoto." "Simama." Akasimama. Mtoto akagusa, akagusa tena, akalaza shavu. "Huyu. Na huyu."

Ni kweli, ukiangalia vizuri vile viwili vilikuwa vimekaa juu juu, wenzao wamezama. Mama Saluni akaviangalia akaguna. "Hata bila mate ni kazi mbaya."

Taratibu akalivuta kochi kutoka ukutani, akafungua nyuma, akakata uzi. Akavua vitambaa kwenye vifungo, vimekunjamana kama maganda ya ndizi, akapiga magoti sakafuni palepale kwenye nywele zilizokatwa, akavishona kwenye matundu ya Mwenzangu kwa mkono. Mtoto amesimama karibu kabisa, anapumua kwenye sikio lake, anakagua kila sindano inapoingia. Kikaisha. Kibaya, kina makovu mawili ya mviringo. Mkaguzi akapitisha kidole gumba. Akasubiri. Akapitisha tena.

"Ndiye," akasema. "Asante fundi."

Akina mama wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Taratibu akatikisa kichwa, akasema haya, akashika kazi iliyobaki. Sikumtazama usoni. Unajua mtu anapokuwa hataki kutazamwa.

Vikabaki vifungo vya Mama Saluni. Tukalilaza kochi, Taratibu akakata kitambaa kutoka upande wa chini, ule mkunjo unaobaki ndani asiouona mtu, na kilikuwepo cha kutosha.

"Si ungekata huko tangu mwanzo?" Mama Saluni akauliza.

Taratibu akainamia vifungo, akaanza kuvivalisha.

Sasa kushona kifungo cha kochi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakuwa mbele anakibonyeza kwenye sponji, mwingine yuko nyuma anavuta uzi na kuufunga, na wa nyuma haoni kitu, anamtegemea wa mbele amwambie. Taratibu akajipenyeza kati ya kochi na ukuta, tumbo likakwama, likapita. Mbele nikakaa mimi.

"Bonyeza, shemeji."

Nikabonyeza. Akavuta.

"Imetosha?"

"Imetosha."

"Haijatosha," akasema Mama Saluni. "Kimekaa kama chunusi."

"Vuta tena, shemeji!"

"Sasa kimekuwa kitovu," akasema yule msichana wa kusuka, na wote wakacheka, na mimi nikamwambia aje abonyeze yeye kama anajua sana, na akasema yeye hashiki vitu vya watu wasiopiga mswaki. Nikaachia kifungo ili nimjibu vizuri. Kikaruka.

"Mjomba, toka," akasema Mkaguzi.

"Subiri kwanza, nina mazungumzo hapa."

"Toka! Unaharibu!"

Akanisukuma kwa kiuno, akamweka Mwenzangu begani kama fundi anavyoweka futi kamba, akakishika kifungo kwa viganja viwili, akaegemeza uzito wake wote, ulimi nje. Shavu limegusa mahameli. Macho yamelala nusu, anasikiliza ule uzi unavyopita ndani ya sponji.

"Vuta," akasema. "Vuta. Bado. Pole pole. Vuta kidogo... basi, baba. Kimezama."

Nyuma ya kochi ule uzi ukaacha kuvutwa.

Mtoto hakujua amesema nini. Alikuwa anahama kwenye kifungo cha pili, anapiga sponji kuisawazisha. Yule mama mwenye rangi kichwani akamshika mwenzake mkono. Hata msichana wa kusuka akafunga mdomo, na hilo sikutegemea kuliona.

"Baba! Lete uzi wa pili."

Uzi haukuja. Mama Saluni akagonga juu ya kochi kwa kitana. "Fundi, umehamia huko nyuma? Nina wateja mimi!"

"Msimsumbue baba," Mkaguzi akamwambia bila kugeuka. "Anatafuta sindano."

Nikachungulia pembeni, kwenye ule mwanya wa ukutani. Sindano alikuwa ameibana kwa meno, na viganja vyote viwili vilikuwa machoni.