Jiwe la Kusagia la Bibi

Baba mdogo alipoanza kusema kwamba bibi hakuwahi kuishi upande wetu wa mto, nilijua anataka kahawa. Hakusema hivyo. Alisema anataka ukweli wa ukoo ujulikane kabla wazee hawajaisha. Lakini mibuni yetu ya chini mtoni ilikuwa imeanza kuzaa vizuri mwaka ule ule, na kabla ya hapo ukweli wa ukoo haukuwa umemsumbua.

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwetu. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, na tangu hapo shamba lile la mteremkoni, upande wa Litembo, ndilo lililonisaidia kulea wadogo zangu wawili. Juu tunalima mahindi kwa ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo usiporomoke. Chini, karibu na mto, ndiko kwenye kahawa. Baba alituambia sehemu ya chini ilifyekwa na mama yake, na ushahidi ni mwamba ulio kando ya mto, upande wetu, wenye shimo alimokuwa akisagia nafaka. Sasa baba mdogo, waliyezaliwa naye tumbo moja, akadai bibi aliishi ng'ambo, upande wake yeye, maisha yake yote. Pori la chini alilifyeka yeye baba mdogo mwenyewe ujanani, akamwazima kaka yake. Shimo la mwambani, alisema, limechimbwa na maji. Wazee wa ukoo wakaamua kwenda kuliona.

Nilitangulia kwenda peke yangu. Shimo lile tulilijua tangu utoto, tukiliita chungu cha bibi. Safari hii nililitazama kama ninavyomtazama mnunuzi wa kahawa aliyekuja na mizani yake mwenyewe. Lilikuwa la duara, na mkono wangu ulizama ndani yake hadi juu ya kiwiko. Nani anaweza kusagia ndani ya kitu kama hicho? Nilichota kwa kopo maji yaliyokuwamo. Chini nikakuta kokoto laini, zote za mviringo kama mayai ya njiwa. Wakati wa masika mto hupanda hadi pale, maji yakazizungusha zile kokoto, nazo zikaendelea kulila jiwe. Baba mdogo alikuwa amesema kweli. Nilikaa pale nikijiuliza kama baba alitudanganya, au naye alidanganywa.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye siku hizi anaendesha bodaboda, alinikuta hapo. Nilipomweleza, alifikiri kidogo tu.

"Dada, tindo ninayo. Tulichonge kidogo pembeni, lionekane la mtu."

Nilimwambia jiwe lililochongwa leo huwa jeupe kama kidonda kibichi, kila mtu angeliona. Tena hata kama lisingeonekana, nisingekubali. Akanuna, akawasha pikipiki yake.

Nilipanda juu ya mwamba, kwenye mgongo wake ambako mto haufiki hata mwaka wa mvua nyingi. Pale palikuwa na rundo la majani na udongo. Majani ningeweza kusema yameletwa na upepo, lakini udongo ule mwingi uliletwa na nini? Pembeni palikuwa na alama ya buti la mpira. Nusu ya kijiji huvaa mabuti ya mpira, kwa hiyo niliinyamazia.

Nilifagia kwa mikono. Chini yake kulikuwa na bonde jembamba, la kina kifupi, lenye urefu kama wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, limeinama kuelekea mtoni. Nilipitisha kiganja. Kwao mama, Lundo ziwani, nimeona mawe mengi yaliyolainishwa na mawimbi, nayo huwa laini kila upande, hata mgongoni. Hili lilikuwa laini ndani tu. Nje ya bonde, mvua na jua vilikuwa vimekula sehemu dhaifu za jiwe na kuacha punje ngumu zimesimama, zinakwaruza. Ndani, punje zile zile zilikuwa zimesuguliwa hadi kulingana na zile sehemu dhaifu. Hata hivyo nilijishuku. Nilitaka sana liwe la bibi.

Siku ya wazee niliwaamkia wote, baba mdogo pia. Niliwaonyesha kwanza lile shimo kubwa nikasema hili ni la maji. Mdogo wangu akakohoa kwa hasira. Baba mdogo akawageukia wazee akasema, "Mmemsikia wenyewe." Kisha nikawapandisha juu. Alipoliona bonde lile, tabasamu lilipungua, akasema mvua hufanya mambo mengi kwenye mawe. Mzee mmoja akaniomba nionyeshe bibi angesagaje pale.

Mimi nimekua na mashine ya kusaga. Sijawahi kusaga kwa jiwe. Nilipiga magoti upande wa chini, nikautazama mlima, nikaanza kusukuma jiwe la mtoni kwenda na kurudi. Baba mdogo akaangua kicheko.

"Wewe mtoto, unga wote ungekumwagikia magotini! Mama alikaa huku juu, uso mtoni, ili anione mimi nisizame."

Kicheko kilikatikia hapo.

"Rudia, mwanangu," mzee akamwambia kwa upole.

Baba mdogo alikaa upande ule wa juu alioutaja, akaweka kiganja ndani ya bonde, akakiacha humo muda mrefu. Baadaye watu walisema nilipiga magoti vibaya makusudi ili nimtege. Si kweli. Sikujua.

Wazee walisema mpaka ubaki mto, kama baba alivyotuachia. Baba mdogo hakubisha. Wiki chache baadaye alikuja nyumbani, akaomba awe anakwenda kukaa pale mwambani mara moja moja. Nikamwambia aje, lakini apitie nyumbani kwanza, apige hodi. Anakuja. Nami siku hizo huwa natafuta palizi ya kufanya karibu na mwamba, jicho likiwa kwake, mpaka anapoondoka.